Ubao wa Makufuli

Walimrudisha baba Kilcarra kwa mlango wa mbele,
yeye ambaye miaka thelathini na mmoja
aliingilia wa nyuma, penye mapipa ya maganda ya viazi,
mkanda umelemewa na funguo kumi na saba.
Jioni nilimsikia kabla sijamwona.
Mlio ule, jikoni kwetu, maana yake ilikuwa chakula.
Kumbe kwa wengine ulikuwa na maana nyingine.

Kiharusi kimemchukua upande wa kulia.
Kimechukua na majina:
kijiko anakiita "yule",
mimi ananiita "dada".

Wadi ya Saba haina vitanda sasa.
Ilikuwa navyo sitini,
kati ya kimoja na kingine nafasi ya goti.
Leo kuna vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea,
mipira ya rangi, kioo kirefu,
na mvua ileile ya magharibi ya Ayalandi
inayapiga madirisha ambayo, hatimaye, yanafunguka.

Shamba la hospitali limeuzwa.
Pale wagonjwa walipolima viazi bila ujira
yameegeshwa magari.
Mnara wa maji umebaki, wapangaji wake kunguru.
Ghorofa ya juu inageuzwa fleti, nimeliona tangazo:
*mahali tulivu, kuta nene*.
Nene, naam. Baba angeweza kuwaambia unene wake,
aliyekuwa akisimama upande usiosikia.

Nyuma ya kanisa misalaba ya chuma ina nambari tu.
Karani mmoja, kwa muda wake mwenyewe,
anapekua madaftari yaliyoota ukungu.
Amepata majina mia mbili na kumi.
Misalaba hajamaliza kuihesabu.

Sisemi kwamba pamekuwa peponi.
Foleni ya kliniki ya mchana inafika barabarani.
Kijana anayeacha pombe hupewa siku kumi na nne,
kisha karatasi, kisha kituo cha basi.
Zamani hapa hawakukuruhusu utoke;
siku hizi hawakuruhusu ukae.

Jumanne ya mwisho wa mwezi huja Attracta Mulvey
kuchomwa sindano yake.
Aliletwa ana miaka kumi na tisa:
kaka yake alitaka konde na ng'ombe wanane,
na daktari alikuwa na kalamu.
Alitoka ana sitini.
Sasa ana chumba na jiko Mtaa wa Waokaji,
na ufunguo wake kautundika shingoni kwa uzi wa kiatu,
juu ya koti, watu wauone.

Sheeba, binti wa Kerala anayefundisha mikono upya,
alimletea baba ubao:
komeo, kitasa, bawaba, kufuli.
"Geuza, Fintan. Kwa mkono wa kulia."
Mkono uliofungia watu sitini kila saa mbili usiku.
Ufunguo ukaanguka.
Ukaokotwa.
Ukaanguka.

Attracta alikuwa amekaa karibu na mlango,
mkono wa shati umekunjwa, pamba pale palipochomwa,
akimtazama baba kama mtu anavyotazama mawingu
kabla ya kuanika nguo.
Nilitaka kuomba radhi.
Sikujua nianze na lipi, wala kama radhi ni yangu kuomba.

Akasema, hakuinuka:
"Kushoto, Bwana Geraghty.
Kulia ni kufunga.
Nilikuwa nikisikiliza."

Baba akageuza. Kulia.
Sheeba akaandika kitu kwenye faili.
"Tena," akasema, "tuna saa nzima."

Attracta akashusha mkono wa shati, akatazama saa ya ukutani.
Basi lake ni la tano na nusu, halingoji mtu.
Alipopita kwenye mlango usio na kufuli
ufunguo wake uligonga kifungo cha koti,
kamlio kadogo tu,
na baba, ambaye siku hizi hageuki ukimwita jina lake,
akageuka.