Feni Imezimwa

Julai imeingia Kimanga kwa mlango wa uani,
saa kumi za usiku, bila hodi.
Vigae vya sakafu vinauma.
Natembea kwa visigino
kwenda kuzima feni.

Tangu Oktoba haijanyamaza.
Imezunguka, imelalama, imekoroma juu ya ndoa yangu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimebonyeza swichi. Mapanga yakazunguka kwa mazoea,
yakapunguza, yakakumbuka,
yakasimama.

Ndipo nikaisikia nyumba.
Friji inaguna. Bomba la jikoni, tone, kisha tone.
Lukelo anasaga meno.
Na chumba cha pili mama mkwe
anageuka kitandani, anageuka tena.
Kumbe halali.
Wiki nzima halali, na feni ikimfichia siri.

Alikuja kutoka Makete na gunia la viazi
na mtoto wa jicho wa kutolewa hospitali.
Pale stendi alinicheka, mimi na sweta langu:
"Hii nayo mnaiita baridi?
Kwetu asubuhi maji ya beseni huvaa ngozi,
unaipasua kwa kata ndipo unawe."
Wapagazi wakacheka naye.
Nikacheka pia, nimejikunyata.

Nami nilikuwa nimejiandaa, jamani.
Blanketi nililitoa sandukuni linanuka naftalini,
nikalianika siku mbili
mpaka harufu ya sanduku ikatoka, ya jua ikaingia.
Mwanahawa wa cherehani nilimpa vitenge viwili
avishone mgongo kwa mgongo viwe pazia zito,
maana dirisha letu la nyavu
halijajifunza kumkatalia upepo.
Nilibadilisha taa ya sebuleni,
ile nyeupe inayoonyesha hata vumbi la mwaka juzi,
nikaweka ya njano, kiini cha yai la kienyeji.
Tangawizi nilitwanga. Mdalasini, hiliki,
chupa ya chai kila jioni, imejaa.
Alikunywa. Alishukuru. Alikwenda kulala.
Hakulala.

Nikasikia mlango wake.
Nilimkuta jikoni, gizani,
amekalia mbuzi ya nazi kama kigoda cha kwao,
jicho moja chini ya bandeji,
viganja kavielekeza kwenye mtungi wa gesi
kana kwamba utamwambia kitu.

"Mwanangu, moto wenu huu unapika tu.
Haukai na watu."

Sikuwa na la kujibu.
Nilivuta jiko la mkaa kutoka nyuma ya ndoo,
nikalipeleka kibarazani, uani,
nikalipepea kwa mfuniko wa sufuria.
Mkaa ukatatarika, ukagoma, ukashika.
Yeye akarudi kwenye gunia lake,
akachagua kwa vidole, kwa kupapasa,
viazi vitano, akavizika majivuni.
Lukelo akatokea anaburuta blanketi.
Hakuna aliyemwita.

Hatukusema mengi.
Alisema marehemu alipenda kilichoungua upande mmoja.
Nilisema mwanawe pia,
na kwamba leo yuko Tunduma na lori, foleni haisogei.
Alisema, huko ndiko kuna baridi.
Nilisema, amebeba koti.
Msikiti wa jirani, mwadhini akakohoa kwanza kwenye kipaza sauti.

Kiazi kiliniunguza, nikakirusha mkono kwa mkono.
Chumvi ilikuwa kiganjani mwake,
tukachovya humo humo, watatu.

Kisha kichwa chake kikaegemea ukuta,
mdomo ukafunguka kidogo.
Bila feni, bila kitu katikati,
niliisikia pumzi yake ikienda mbali
na kurudi.

Sikumwamsha.
Nilivua sweta, lile lile alilolicheka,
nikamfunika magoti.