Malkia Aitwaye Nav

Ndani ya programu mzinga ni mzinga:
una namba, una uzito, una malkia na mwaka wake,
kila kimoja kimekaa kitako mahali pake.
Lakini waya wa kwenda Riga haubebi mzinga.
Unabeba herufi.

Basi nauvua mwili, naulaza katika matini:
bano lenye kiuno,
jina, nukta pacha, thamani, koma,
jina, nukta pacha, thamani,
bano la kufunga, kama kifuniko.
Mstari mmoja kwa kila nyumba ya nyuki
ya mzee Ojārs Krūklis, mizinga sitini na mitatu
nyuma ya stesheni kuukuu ya Grobiņa,
theluji ya kwanza ikilamba miguu ya stuli zao.

Kwenda kulikuwa rahisi.
Kurudi ndiko kulikonifedhehesha.

Jumatatu simu ikalia.
"Vizma," akasema, na kikohozi chake cha Novemba,
"mzinga wangu sifuri-arobaini-na-moja uko wapi?
Hapa naona arobaini na moja, kavu.
Huo ni wa jirani. Sifuri ndiyo mimi.
Na huyu malkia Nav, nani kamleta?"

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Nav, kwa lugha yetu, ni *hakuna*.
Niliandika hakuna,
na msomaji niliyemuunda kwa mikono yangu,
mtiifu kama karani wa wiki ya kwanza,
akaona herufi tatu, akasema: hili ni jina.
Sifuri ya mbele akaiona haina kazi, akaifuta.

Matini haikumbuki ilikuwa nini.
Usipoiambia hii ni namba ya kuhesabia
na ile ni namba ya kuitia,
itakisiwa, na kisio halina haya.

Usiku nikaivisha sifuri alama za kunukuu.
Nikaiacha hakuna bila nguo, ijulikane ni hakuna.
Andika, soma, linganisha.
Andika, soma, linganisha,
mara sitini na tatu, hadi chai ikaganda utando,
na kilichorudi kikawa kile kilichokwenda.

Asubuhi nikampigia.
Alikuwa ametoka kutega sikio kwenye ubao wa 041:
mzinga usio na malkia haunyamazi, alisema,
unaguguma chini chini, kama jokofu bovu.
"Lile jina umelifuta?"
Nimelifuta.
Kimya kidogo. Kikohozi.
"Nilikuwa nimeanza kulizoea."