Unywele wa Risasi

Kiwanda cha chapa cha Gualtiero, mjini Saluzzo, mwezi wa Februari:
wino umeganda kama uji uliosahaulika jikoni,
nami, kijana wa miaka kumi na sita, naupashia moto wa mshumaa.
Droo zote nilizifungua isipokuwa ya tatu.

Humo zililala herufi zenye tabia mbili:
guu nene, jeusi, limesimama wima kama bawabu wa benki,
na ubavuni mwake mstari
mwembamba hata ukikohoa
unahofia umeukata.
Nyayo zake bapa, uzi uliolazwa sakafuni,
hazina kona ya kuegemea.

"Vitavunjika," nilimwambia.
Wembamba wa reli, najua, na gari moshi la Cuneo hupita juu yake.
Lakini mashine yetu ilikuwa na kutu na hasira,
na ilikwisha kuikata T moja mkono.

Kisha akafa Ettore Ramondetti, fundi cherehani.
Mjane wake, Ersilia, alileta noti zilizokunjwa mara nne.
Kwa fedha zile wengine walichapiwa herufi butu,
nene tupu, za tangazo la mnada wa ng'ombe.
Gualtiero alizihesabu, akanawa mikono,
akafungua droo ya tatu mwenyewe.

Jina lilidai T nne. Nzima zilikuwa tatu.
Ile kilema akaiweka karibu na mwisho wa ukoo:
"Huku macho hufika yamechoka."
Akapunguza wino, akapunguza tena,
akaishusha mashine taratibu
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto.

Nilibandika tangazo ukutani mkabala na kanisa,
nikavuka barabara nilitazame.
Ole wangu! Nyuzi zote zilikuwa zimetoweka.
E nguzo. T nguzo. T nguzo.
O mabano mawili yaliyonuniana.
Muuza maziwa akasimamisha baiskeli:
"Amekufa nani? Uzio?"

Nikatamani ng'ombe wote wa mnada,
herufi zao nene, mtu azione toka mlimani.

Ersilia akaja, amevaa glavu zilizotiwa kiraka.
Hakusimama niliposimama mimi.
Alivuka, akasogea, akasogea tena,
mpaka pumzi yake ikalowesha karatasi,
na kidole chake kikafuata kila uzi bila kuugusa:
mkono wa juu wa E, ulimi wake wa katikati,
daraja dogo linalofunga tumbo la R.

"Naye ndivyo alivyokuwa," alisema.
"Ukiwa ng'ambo ya barabara, humwoni."

Kidole kikafika kwenye T ya mwisho, kikasita.
"Hii imekatika."
"Ndiyo, bibi. Tunaweza kuchapa—"
"Yeye alikuwa akiunga sindano," akasema, kisha akanyamaza,
sikujua kama amekasirika.

Theluji ikaanza. Gundi bado mbichi.
Nikaishika kona ya karatasi kwa kiganja
mpaka ikashika.