Supu ya Jogoo wa Washenga

Newala, mwezi wa saba. Ukungu umelala uani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mkorosho wa jirani hauonekani, unasikika tu:
to, to, matone juu ya bati.
Nguo zina siku tano kambani, mbichi vilevile.
Mama amevaa koti la marehemu baba juu ya kitenge,
na soksi mbili zisizofahamiana.

Jogoo tulimchinja alfajiri.
Alikuwa wa washenga, watu wa Masasi,
wanaume watatu na shangazi mmoja mwenye maneno,
waje kumposa dada yangu Asumini.
Saa nne simu ikalia:
gari limekwama njiani, dereva haoni hata boneti yake,
wanageuza. Watakuja jua likitoka.
"Jua la Newala?" mama akasema. "Basi waambie tutaonana Septemba."

Asumini hakulia.
Alirudi kwenye tangawizi yake, akaikatakata
vipande vidogo, vidogo mno,
kama mtu anayehesabu jambo.

Maji ni ya kununua,
yamepanda na pikipiki kutoka bondeni, na bei yake imepanda nayo.
Mama huyapima kwa macho, halafu anapunguza kikombe,
halafu anamwonea jogoo huruma, anakirudisha.
Chumvi. Kitunguu kilichobabuliwa makaani hadi ganda likawa jeusi.
Pilipili kichaa moja, nzima, isipasuke;
ikipasuka, hiyo si supu tena, ni mashtaka.
Kaka Stambuli aliwahi kutuletea vile vidonge vya karatasi
vya kukoleza mchuzi.
Mama alionja kimoja kwa ncha ya ulimi,
akakiita chumvi yenye majivuno,
na vilivyobaki sijui alivipeleka wapi.

Jogoo alikuwa mzee.
Miaka minne aliuamsha mtaa mzima bila kuombwa,
na sasa alichemka kama alivyoishi, kwa ubishi.
Saa sita, mgumu.
Saa nane, bado.
Tulikaa jikoni, migongo kwenye ukuta wa udongo ulioanza kupata joto,
moshi ukitutoa machozi sote watatu.
Hapo ndipo Asumini alipolia.
Hakuna aliyeuliza. Moshi ulikuwepo.

Saa tisa nyama ikaachia mfupa.
Mama akashusha bakuli la bluu, lile la wageni,
akalijaza, akaweka na paja,
paja la mshenga mkuu,
akampa Asumini.
"Kula cheo chako."

Mimi nilipata shingo na bawa, na mchuzi mpaka ukingoni.
Kwanza mikono: unalikumbatia bakuli,
vidole vinakumbuka kazi yao.
Kisha mvuke, na pua inafunguka
kama mlango uliovimba kwa mvua.
Kisha funda la kwanza,
linashuka taratibu, likiwasha taa
chumba baada ya chumba,
hata kile cha nyuma ambacho hakilali mtu.
Muhogo wa kuchemsha, unachovya, unasubiri unywe.
Hatukuongea. Midomo ikipuliza, basi.

Asumini akainua uso, umelowa jasho puani.
"Mama. Huyu mtu wa Masasi,
mara zote tatu alizokuja, sijamwona akicheka."

Mama alikuwa na mfupa wa mgongo.
Aliunyonya mpaka mwisho, akautazama, akauweka chini.
"Ukungu bado upo," akasema. "Muda upo.
Ongeza limau."

Sufuriani ilibaki ya mtu mmoja.
Tukaifunika kwa sahani,
hatukusema ni ya nani.

Kesho yake hakuna aliyetuwikia.
Tuliamka saa mbili, aibu tupu, ukungu mlangoni,
na jikoni Asumini keshawasha moto,
peke yake, sahani imefunuliwa,
anapuliza kijiko.