Mwimo wa Mlango

Mwaka mpya, saa tatu asubuhi. Glasgow bado imelala,
harufu ya fataki imenasa kwenye ukungu.
Nimerudi Govanhill, ghorofa ya tatu,
kwenye fleti tuliyoihama kwa vigelegele
tulipopata nyumba ya vyumba vinne.

Zbyszek anafungua, nywele timutimu, macho mekundu.
"Samahani. Kuna kitu nilikisahau."
"Kitu gani?"
Namwonyesha mwimo wa mlango wa jikoni:
mistari ya penseli, mwandiko wa marehemu Mwanamkasi.

*Shemsa, miaka mitatu.*
*Shemsa, kang'oka jino.*
*Shemsa kasimama kwa ncha za vidole, huu usihesabiwe.*

Mwaka uliokwisha nilihesabu saa za ziada,
gari, zulia, salio.
Kuta zetu mpya ni nyeupe
kama daftari la mtoro.

Zbyszek anashika karatasi kwa juu,
mimi nimepiga magoti chini,
tunanakili bila maneno, mstari kwa mstari,
hata ule usiohesabiwa.
Kisha anauliza:
"Na sasa? Amefika wapi?"

Nikainua mkono hewani,
nikaushusha kidogo,
nikaupandisha tena.

Sikujua.