Kangomba ya Daftari

Daftari la shangazi lina jalada la twiga.
Alilinunua Newala mwaka ambao kilo ya korosho haikufika shilingi mia.
Bei hakuiandika. Aliandika ukungu.

"Juni kumi na mbili. Ukungu wa kuficha mbuzi.
Maua matatu yana unga.
Juni kumi na tano. Ukungu wa kuficha nyumba ya Nanguka.
Usipige salfa. Ngoja."

Miaka ishirini na sita hivyo, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne
na hakuishia hapo.

Rwechungura alikuja Kitangari na kompyuta mgongoni,
kijana mpole, anakunywa uji wetu, anashukuru.
Anajenga modeli: unaipa unyevu wa usiku, joto la alfajiri,
nayo inakutajia siku ubwiriunga utakapopanda kwenye ua,
wiki nzima kabla macho hayajauona.
Kampuni itaiuza kwa wenye salfa, wenye bima, wenye benki.
Kilichokosekana ni miaka ya nyuma.
Satelaiti, alisema, haikuwa ikituangalia sana wakati ule.
Shangazi alikuwa akituangalia.

Basi mimi, karani wa chama cha msingi,
ninayejua mizani ya magunia tu,
nikakaa naye jioni nane tukigeuza ukungu kuwa tarakimu.
Wa kuficha mbuzi: mbili.
Wa kuficha nyumba: nne.
"Na huu?" akauliza, kidole kwenye Agosti ya mwaka wa Elnino.
Ukungu wa kuficha mkono wangu mwenyewe.
Tukaupa tano, tukanyamaza kidogo.

Kisha kurasa tupu. Julai yote, Agosti nusu.
Mashine haipendi utupu; ilijaza wastani.
Nikaona kwenye kioo siku arobaini na kitu za ukungu wa kadiri,
maua ya kadiri, unga wa kadiri,
siku ambazo shangazi hakukanyaga shamba
kwa kuwa alikuwa mkekani, matanga ya Mshamu, mwanawe wa pili.
Nikamwambia: toa hiyo.
Akasema ikitoka, makosa yanapanda kutoka asilimia sita hadi tisa.
Yaache yapande.
Akaitoa. Mpaka leo sijui kama tulikuwa sahihi.

Mkataba ulikuja na basi la Jumanne, kurasa kumi na moja.
Mali bunifu yote, iliyopo na itakayotokana, milele,
kwa shilingi laki nne.
Milele. Nililisoma neno hilo mara tatu.
Biashara hii huku tunaijua.
Machi mtu ana njaa, anakuja mwenye bakuli,
ananunua korosho ambazo mti haujazitoa;
Oktoba mwenye shamba anasimama mnadani
akisikiliza bei ya jasho lake kama habari za redioni.
Kangomba. Kwa korosho imepigwa marufuku.
Kwa daftari, sijui.

Nilijibu kwa mkono, nyuma ya stakabadhi ya ghala:
"Kwetu mkorosho huwekwa rehani.
Unachuma misimu miwili, mitatu, matunda ni yako,
hata mabibo ukitaka.
Hukati tawi, huuzi mti,
na msimu ukiisha unanikuta nimesimama shinani.
Daftari nalitoa hivyo.
Modeli yoyote itakayokula humo iseme imekula wapi.
Na watu wa Kitangari wapate utabiri bila kulipa,
maana ukungu ulikuwa wao kwanza."

Wanasheria wa Dar walikaa kimya wiki tano.
Juzi Rwechungura kapiga simu: wanauliza
hiyo rehani waiweke kifungu gani.
Nimemwambia waje, uji upo.

Leo alfajiri simu imelia: hatari, nne.
Nimetoka nje kuhakiki.
Nyumba ya Nanguka ilianguka zamani;
pale iliposimama pana mnara wa simu.
Nimeutafuta mnara, sikuuona.
Nimefungua daftari, ndani ya jalada la nyuma,
sehemu pekee iliyobaki:
Ukungu wa kuficha mnara.
Namba sijaipa.