Kipimo cha Mshazari

Baba aliingia dukani na futi shingoni.
Alisahau kuivua, au hakusahau.
Ngamiani, Barabara ya Nane, saa nne asubuhi,
nami nyuma yake nikiomba
tusikutane na yeyote niliyesoma naye.

Mkononi, kopo la vifungo.
Ndani yake laki sita na elfu kumi na tano:
sare za Julai, kaptula za kaki,
kola alizowageuzia watu wasio na ya shati jipya.

"Nataka mpakato," akamwambia Shekue.
Neno hilo alilipenda tangu alisikie redioni.
Kitu cha kupakatwa, alisema, hakikosi adabu.

Mimi nilikwisha chagua.
Ile ya fedha, nyembamba kama chapati ya maji,
imewekwa juu kabisa, inamulikwa kama bi harusi.
Baba akaifunua, akaifunika. Akaifunua.
Mara ishirini, akihesabu kwa midomo,
hadi bawaba ya kushoto ikalia kwi.
Akairudisha.
"Hii imeshonwa na mtu mwenye haraka."

Nikasema, baba, nakwenda kusomea ukadiriaji majenzi.
Jedwali moja lina safu thelathini.
Kwenye kioo kidogo ni kama kutazama harusi
kupitia tundu la ufunguo.
Nataka kipana.

"Upana," akasema,
na futi ikashuka shingoni kama iliyoitwa.

"Kumi na tano nukta sita," Shekue akaitaja ile nyeusi,
nzito, yenye kovu la stika ya ofisi ya watu.
Baba akapima. Kumi na tatu na nusu.
Akavaa miwani, akapima tena.
Kumi na tatu na nusu.
Shekue akacheka: "Fundi Mbwana, kioo hupimwa mshazari,
kona kwa kona."
"Mshazari." Baba akalitafuna neno.
"Hata kitambaa ukikivuta mshazari kinaongezeka.
Ila sijapata kumuuzia mtu suruali kwa mshazari."

Akainama, akaweka sikio kwenye feni yake,
macho kayafumba,
vile anavyoisikiliza cherehani ya mtu inayokata uzi.
Akaridhika. Hakusema kwa nini.

"Umeme ukikatika?"
"Saa tatu, mzee, bila wasiwasi."
"Basi tutakaa."

Mji huu watu waja leo, waondoka leo.
Sisi tulikaa.
Benchi la wateja, chaja imechomolewa,
nami najaza jedwali la nyumba ya uongo:
saruji, nondo, misumari ya bati.
Baba anauliza bei ya kila mfuko, anashtuka,
ananiagiza nipunguze chumba kimoja.
Mbaruku wa darasa letu akaingia kununua kava la simu.
Akaniona. Akaiona futi.
"Shikamoo, fundi," akasema, akatoka.
Nilidhani nitakufa. Nikaendelea na misumari.

Saa mbili na dakika kumi, kioo kikazima.
Baba hakusherehekea.
"Zimepungua dakika hamsini.
Nguo ikipungua, bei nayo."
Laki sita na arobaini ikawa laki sita kamili,
na kipanya cha waya juu yake,
Shekue akiapa kuwa hatutamwona tena mwezi huu.

Usiku ule sikulala kwa kelele za cherehani.
Asubuhi, mkoba: kaki ya mabaki,
bitana ya flana, mshono maradufu.
Nikatumbukiza mashine, ikacheza.
Nikasema, baba, umeacha nafasi ya vidole viwili,
kama sare ya mtoto wa darasa la kwanza.
Kompyuta haikui.

"Haikui," akakubali, akikata uzi kwa meno.
"Na wewe?"

Sasa mwaka wa pili. Betri haifiki saa moja,
nakaa karibu na ukuta wenye soketi.
Bawaba haijalia.
Jana nilitia mkono mkobani, nikapima.
Vidole viwili, bado.